Kipaza Sauti cha Mama Risasi

Jumamosi asubuhi Mama Risasi aliliondoa gauni la bibi harusi juu ya cherehani, akalitundika mlangoni, akatandaza gazeti na kuchomeka chuma chake cha kuyeyushia risasi. Jina lile alipewa na majirani kwa sababu ya risasi ya kuungia nyaya. Wateja wageni walidhani ana bunduki, wakaja na adabu zote.

Redio za dukani zilikuwa tele, hakuwa na haja ya kujiundia, na mumewe alishamwambia hivyo mpaka akachoka. "Ya dukani inaimba," mke humjibu, "lakini hainijui." Alipenda harufu ya risasi ikiyeyuka. Alipenda waya mwekundu ukikaa mahali pake. Lakini kilichomkosesha usingizi hasa ni ule mlio mdogo, tuh, spika inapoamka kwa mara ya kwanza. Hapo alicheka peke yake kama mwehu.

Kipaza sauti cha safari hii kilikuwa cha mume. Alibeba magunia katika ghala la ng'ambo ya barabara mpaka magoti yakagoma. Ghala likamwambia ahsante, likaajiri magoti mengine. Yeye aliyekuwa hakamatiki kwa kucheza, sasa alicheza kwa kichwa tu, ameketi, na kumtazama hivyo kulimuuma sana mkewe. Mama Risasi alitaka besi nzito, itoke sakafuni imwingie mumewe mifupani. Huenda magoti yangekumbuka.

Koili, ule msokoto wa waya ndani ya spika, aliizungusha mwenyewe, kwa kile kigurudumu cha cherehani cha kujazia bobini. Hapo ndipo alipokosea, maana mkono wa fundi cherehani una njia moja: waya ukaenda upande wa uzi, kinyume na unavyotakiwa. Alipowasha, sauti haikupanda. Alipanda mume.

Alipanda taratibu, kiti kikabaki chini. Akasimama hewani, shubiri mbili hivi kutoka sakafuni, kandambili moja ikamdondoka.

"Umegeuza waya," alisema.

"Nimegeuza. Nizime?"

"Thubutu! Ongeza besi."

Basi akacheza, bwana. Magoti hayakuwa na cha kubeba, yakakunjuka kama ya kijana. Alikata kiuno, akaizunguka taa, akamnyooshea mkewe mkono. Mama Risasi akavua viatu, akapanda naye, analia na kucheka kwa pamoja. Katika vyombo vyote alivyowahi kuunda, hakuna kilichompa raha kama ile.

Kesho yake walifungua dirisha kwa ajili ya joto. Muziki ukavuka barabara, ukaingia ghalani. Makuli wakainuka na magunia yao, nyayo hazigusi vumbi, wakapigiana miluzi na kuendelea na kazi. Mnyapara wao aliwatazama kidogo. Kisha akaamuru kila mtu aongezewe gunia la pili, nyayo zikarudi chini.

"Funga dirisha, mke wangu," mume alisema. "Muziki wetu usije ukawabebesha watu."

Alifunga. Jioni akavuka barabara mwenyewe, akawaalika. Wakaja wote na vumbi la unga mabegani, chumba kikajaa pomoni. Sakafu haikutosha, lakini haikuhitajika. Walicheza kwa ghorofa, wengine usawa wa meza, wengine usawa wa dari, na mume katikati yao akiwafundisha mitindo ya zamani.

"Fundi," kuli mmoja aliuliza kutoka darini, kichwa chini miguu juu, "hiyo koili utaizungusha upya ikae sawa?"

"Wee! Shuka uje unilazimishe."

Walicheka mpaka vyungu vikatikisika kabatini.

Asubuhi wakarudi ghalani. Dirisha lilikuwa limefungwa na muziki haukuwepo, lakini gunia la pili lilikuwepo. Mnyapara alisema, "Si mmeshalizoea?" Wakajitwika yote mawili, wakaipiga ile besi kwa midomo, dum, dum, kutwa nzima, na jioni wakabisha hodi kwa Mama Risasi, viatu mkononi.