Kidonge Kinakula Kwanza

Mkono wa kulia wa Nzau ulikuwa umeshonea sare nusu ya watoto wa Kithimani kabla haujaanza kutetemeka wenyewe, ukiwa umepumzishwa pajani, kama kifaranga kilichonyeshewa. Majirani wakasema ni pombe. Nzau, ambaye hata divai ya kanisani huimeza akikunja uso, aliacha kwenda sokoni.

Huko Machakos, Daktari Ann hakumtoa damu. Alimwambia atembee, agonganishe vidole, kisha aandike jina lake. Jina likaanza kubwa, likaishia saizi ya sisimizi.

"Ni ugonjwa wa Parkinson, mzee. Hauponi, lakini unatulizwa. Hizi dawa zitakufungua."

Miezi miwili ikapita, wala hazikufungua hata kifungo. Fundi aliyeshona vifungo vya watu wote sasa alifungwa vyake na mkewe, Ndila.

"Dawa imenikataa, mama Mumo," Nzau akasema Jumatatu moja. "Wacha niache kumeza. Na nimemwambia Mustaf wa vitambaa akuje Jumamosi achukue cherehani."

Ndila akajifanya anachagua maharagwe. Alimjua mtu wake: siku cherehani itakapotoka kwa mlango huo, mwenyewe ataifuata, kitini ubaki mwili tu.

"Kabla uache, tumuulize daktari," akasema.

Jumatano wakawa mbele ya Daktari Ann.

"Anameza saa ngapi, mama?"

"Saa moja asubuhi, saa saba, saa moja jioni. Sijawahi kupitisha." Ndila alilisema hilo kama anayesoma cheti chake.

"Kabla ya kula?"

Hapo cheti kikaanguka. Bahasha ya dawa ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene: nusu saa kabla ya chakula. Ndila aliisoma siku ya kwanza, akaisamehe. Mamake alimfundisha, enzi za vidonge vya malaria, kwamba dawa haimezwi tumbo likiwa tupu. Tena daktari wa mjini hula mkate, angejuaje muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe? Basi kila mara alimpa Nzau sahani yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, yai juu, maziwa pembeni, ndipo kidonge. Mkono ulipozidi kutetemeka, aliongeza yai.

Angeweza kudanganya. Nzau alikuwa hapo kando, na angemwamini.

"Ni mimi, daktari. Nimekuwa nikimpa akishashiba. Maharagwe, mayai, maziwa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Hivyo vyote vinaingilia mlango mmoja na hii dawa, mama. Vikifika pamoja, vyakula vinasukumana ndani, dawa inabaki nje."

"Kwa hivyo kidonge kimekuwa kikipiga foleni nyuma ya muthokoi," Nzau akasema.

"Miezi miwili, mzee."

"Na mimi nilidhani nimeoa mpishi. Kumbe nimeoa askari wa geti."

Ndila alikuwa tayari kulia, lakini kicheko kikamtangulia.

Daktari akawaelekeza upya: kidonge na maji, nusu saa kabla ya kula. Kichefuchefu kikija, kipande cha kiazi kitamu, si maziwa. Maharagwe yangoje chakula cha jioni. "Na usiache kumeza ghafla, mzee. Hiyo ni hatari."

Alhamisi haikuleta kitu. Ijumaa Nzau alifunga vifungo viwili, akasimama kama mtu aliyesikia akiitwa, kisha akafunga cha tatu. Ndila alijifanya hakuona. Alitoka nje akamwambia mbuzi.

Jumamosi Mustaf alifika na mkokoteni. Mlangoni akasita. Cherehani ilikuwa inaimba.

"Umechelewa, Mustaf," Nzau akasema bila kuinua macho. Mshono ulipinda kidogo, naye akaurudia.

"Tulisema saa nne, mzee. Hii ni saa nne."

"Umechelewa siku tatu."

Mustaf akamtazama, akautazama mkokoteni. "Nikirudi na huu ukiwa mtupu watanicheka huko sokoni."

"Leta hiyo suruali unayoburuta nikufupishie. Utarudi na miguu inayoonekana."

Mustaf akabaki, hadithi zikanoga. Ilipokaribia saa sita na nusu, mkono ulianza tena kuchezacheza pajani. Nzau akautazama bila wasiwasi, kama mtu anayemjua mgeni wake na saa anayokuja. Ndila akaleta maji na kidonge.

"Mama, nasikia harufu ya ugali na mboga," Mustaf akasema. "Hatukaribishwi?"

"Karibu. Lakini utangoja nusu saa," Ndila akamjibu. "Katika hii nyumba siku hizi, kidonge ndicho kinakula kwanza."