Mahindi ya Mama Nzilani

Sifuna hakuwa na gari, hakuwa na digrii, hakuwa na mke, na buti zake zilikuwa zikiingiza maji. Lakini alichokosa zaidi ni sauti. Nyapara wengine wakikohoa tu, vibarua hushika majembe. Yeye akipiga kelele, watu humuuliza kama ana mafua.

Hata hivyo, alikuwa amepewa unyapara wa majaribio kwenye barabara ya Kimbo, na Injinia Gachau alimwambia wazi: "Lami tunayomwaga ni nyembamba kama chapati. Haifichi kitu. Ikikuta vumbi itabanduka, na wewe utarudi kwa sepetu."

Basi Sifuna akaiandaa barabara kama anayempamba bibi harusi. Mashimo yakachongwa kingo, yakajazwa, yakashindiliwa. Nyufa zikapulizwa hadi vumbi likatoka, zikazibwa kwa lami ya moto. Nyasi za pembeni zikang'olewa pamoja na mizizi yake. Mwisho ikafagiwa, ikafagiwa tena, kisha wote wakaenda kula githeri.

Waliporudi, barabara ilikuwa nyeupe pe. Mama Nzilani, muuza nafaka, alikuwa ameanika mahindi kutoka mlango wa duka lake hadi ng'ambo.

"Mama, lori la lami linakuja!"

"Sema kwa nguvu, kijana wangu, sikusikii."

"Lori!"

"Sasa umefagia vizuri namna hii ulitaka tuanike wapi? Kitandani?"

Vibarua wakaangua kicheko. Mmoja wao, Munyao, akanyanyua ufagio ayasukume mahindi mtaroni. Mama akashika kiuno. "Jaribu uone!"

Sifuna akamzuia Munyao. Akamsogelea mama, ili asikike. "Lami ikibanduka hapa, vumbi lote litarudi dukani kwako. Utauza unga mwekundu."

Mama Nzilani akazitazama rafu zake. Kisha akaita, kwa sauti ambayo Sifuna angeinunua hata kwa mkopo: "Ndinda! Dianah! Leteni magunia!"

Wanawake hao watatu wakainama na vifagio vya nyumbani. Walikwangua kila kibonyeo, maana hakuna aliyekusudia kuwaachia kuku punje hata moja. Makapi yakatoka, na vumbi ambalo ufagio mkubwa ulikuwa umeliruka likatoka nayo.

Lori likafika, Injinia akiwa ndani. Injinia akapitisha kiganja barabarani, akakitazama, akapitisha tena mbele kidogo. Safi.

"Mwaga!" akamwambia dereva. "Na wewe, Sifuna, kazi ni yako. Andika barua ya kuiomba, ofisi inataka karatasi. Ifike Thika leo."

Sifuna aliiandikia kwenye kaunta ya Mama Nzilani. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, kwa hiyo mama akamletea ugali kidogo wa kubandikia. Sifuna alitaka kupaka, akasita, akapangusa kwanza unga uliokuwa ukingoni mwa bahasha. Ndipo akapaka, akabana kwa kidole gumba, akampa kondakta wa gari la Thika.

"Ofisi ya barabara, tafadhali."

"Unasema?"

Mama Nzilani akayarudia maneno ya Sifuna, Kimbo nzima ikasikia, na gari likaondoka na barua.