Siku Tatu Hadi Bonaire

Wendell Corkum na mkewe Hettie walikuwa watu wa Lunenburg, Nova Scotia, na kwa miaka sita walizunguka visiwa hivi vya Karibi kwa mashua yao ya matanga. Mwaka ule walikaa Grenada wiki tatu nzima wakisubiri hali ya hewa iwaruhusu kuvuka kwenda Bonaire, ambako vimbunga hufika kwa nadra, na msimu wa vimbunga ulikuwa umeshakaribia. Jumanne asubuhi Wendell akasema upepo umekaa vizuri. Wakang'oa nanga.

Hettie aliniambia baadaye kwamba hajawahi kupata safari tamu kama ile. Upepo ulikuwa wa mgongoni siku zote tatu. Wendell, ambaye akishika usukani hufoka kwa kila kitu, safari ile alikuwa mpole ajabu. Alimkaangia jodari, akamshikia zamu apate kulala. Hettie alipotaka simu ya setilaiti amjulie hali mdogo wake Avis, aliyekuwa na ugonjwa wa moyo, Wendell alisema chaji imebaki kidogo, waitunze kwa dharura.

Ijumaa mchana walifunga mashua hapa Bonaire, kwenye boya jirani na la mashua yangu. Wendell akaenda uhamiaji na pasipoti. Hettie akaichukua ile simu amwambie Avis kuwa wamefika. Chaji ilikuwa imejaa.

Akakuta ujumbe wa binti wa Avis, wa Jumanne saa moja asubuhi: "Mama amezidiwa. Anamwita mama mkubwa. Tafadhali apande ndege leo." Chini yake kulikuwa na jibu la Wendell, dakika kumi baadaye: "Pole sana. Tumeshaingia baharini, hatuwezi kurudi."

Nanga waliing'oa saa nne.

Ujumbe wa mwisho ulisema Avis alifariki Alhamisi adhuhuri.

Wendell aliporudi, nilikuwa sitahani kwangu nikishona tanga, na nilisikia kila neno.

"Mara mbili tumekimbilia nyumbani kwa ajili ya Avis," alisema, "na mara zote mbili tumemkuta jikoni anakula pai. Ningejuaje kuwa mara hii ni kweli?"

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza kwa nini ulimwambia yule mtoto kwamba tuko baharini."

"Ungeondoka. Na mimi mashua hii peke yangu siiwezi."

"Basi ungetafuta mtu wa kushika kamba, Wendell. Bandari ile imejaa watu."

Nusu saa baadaye Hettie aliniomba nimfikishe nchi kavu. Alikuwa na begi moja, na hakugeuka nyuma.

Wendell alibaki kwenye boya lile hadi Septemba. Aliniuliza mara nyingi kama Hettie ameandika, nami nilimwambia hapana, ingawa alikuwa ameandika.

Katika barua hiyo alieleza kuwa aliwahi maziko. Mpwa wake alimpa mkono kama anayempa mgeni, akamuuliza, "Safari ilikuwa nzuri, mama mkubwa?"

Hettie alikuwa na maelezo yote mdomoni, jinsi alivyodanganywa, saa na dakika. Lakini aliulizwa kuhusu safari tu, akajibu kwamba ndiyo, ilikuwa nzuri. Na hilo, aliandika, ndilo hatamsamehe Wendell: kwamba Alhamisi ile adhuhuri yeye mwenyewe alikuwa akicheka.