Ukurasa Uliofungia Karanga

Mwalimu Liévin alilikuta neno lake likiuzwa sokoni, limesokotwa mfano wa pembe na kujazwa karanga. Lilikuwa neno moja tu la Kiingereza, "hand", yaani mkono, lakini alikuwa ameliandikia kurasa tatu nzima. Sasa mtu mmoja mwenye baiskeli alikuwa amelishika akitafuna kando ya njia, bila hata kulitupia jicho.

"Katungu!" alifoka. "Karatasi hizi umezitoa wapi?"

Katungu, muuza karanga, mpwa wa mkewe aliyekaa kwao tangu alipokimbia vita Bafwasende na kumwita tonton, yaani mjomba, hakushtuka. "Chini ya kitanda, tonton. Karatasi itatoka wapi? Mashua haipande tena toka Kinshasa. Donc, basi, nilikamata ile ya zamani."

"Ya zamani! Hiyo ni kazi yangu ya miaka miwili!"

"Neno moja, miaka mbili?" Katungu alimwangalia kwa huruma. "Mukono iko mukono, tonton. Yangu iko inafunga karanga."

Utamweleza nini mtu kama huyo? Kesho asubuhi Liévin angesimama mbele ya maofisa wa Umoja wa Mataifa kutoa somo la majaribio juu ya neno hilo, kwani walitafuta mwalimu wa kuwafundisha Kiingereza wafanyakazi wao wa mjini. Tangu vita viigawe nchi, mshahara wa ualimu ulikuwa umebaki hadithi, na mkewe alikuwa ameacha hata kumuuliza. Kamusi alimonakili maana zile ilikuwa imeteketea pamoja na maktaba ya parokia katika vita vya siku sita vya hapo mjini, mwaka uliopita. Kichwani hakuwa nazo hata nusu.

Alizunguka soko zima jua la saa saba likimchoma utosi, akibembeleza huku, akigombana kule. Ukurasa mmoja alimpokonya yule wa baiskeli, wa pili aliupata kwa muuza samaki, umelowa. Zote mbili zilikuwa za maana halisi: kiganja, vidole, kunawa, kubeba. Mambo ambayo hata mtoto anayenyonya anayajua! Alichokitaka kilikuwa ukurasa wa tatu, wa maana za kitamathali: mkono ulio msaada, mkono ulio kibarua wa shambani, mkono wa saa, mkono unaoombwa kwa baba wa binti. Huko ndiko kulikokuwa na utamu wa somo lake.

"Ule ingine alibeba Mama Hadidja, ule wa kushona," Katungu alisema, amechoshwa naye.

Mama Hadidja, mjane kutoka Maniema, alikuwa barazani kwake nyuma ya cherehani. Ukurasa ulikuwa mezani, hauna mkunjo hata mmoja. Alikuwa ameupiga pasi.

"Mama, naomba ukurasa wangu. Nitakuletea karanga nyingine."

"Hapana, mwalimu. Hii sitoe."

"Utakufaa nini? Kiingereza hujui!"

"Kingereza yako sijue. Mi nataka huku." Akaugeuza.

Liévin alikuwa amesahau. Kwa kukosa karatasi safi aliandika nyuma ya kurasa za daftari la mahudhurio la darasa lake, likiwa bado linatumika. Hapo palikuwa na majina ya wanafunzi, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kidole cha mama kilisimama kwenye moja: Amisi Ramazani.

"Jina hii ya mutoto wangu tu ndiyo najua kusoma," alisema. "Alinifundisha yeye, nikuwe naitafuta ku liste ya matokeo, pale ku ukuta ya masomo. Bombe ilimukamata njiani, siku ya tatu ya vita. Nyumba iliungua na picha yote." Kidole chake kikasogea mbele. "Na hii yenye kufuata jina, mwalimu, inasema nini?"

Hasira yote ilimtoka Liévin. Baada ya jina zilifuata alama za kuhudhuria, kisha za kutohudhuria, na mwisho, kwa wino mwekundu, neno la Kifaransa ambalo walimu humwandikia mwanafunzi aliyeacha shule kwa hiari yake: "abandon". Aliliandika wiki chache baada ya shule kufunguliwa tena, bila kumuuliza mtu. Watoto walikuwa sitini, nani angemfuata mmoja hadi kwao? Ndivyo alivyojiambia wakati ule. Sasa aliona aibu, tena aibu kubwa.

"Mwalimu?"

"Linasema aliacha shule," alijibu. "Niliandika mimi, mama. Ni uongo."

Mama Hadidja hakulia wala hakumlaumu. "Amisi hakuacha masomo. Tulimukuta na kaye yake ya kuandikia masomo ndani ya shemizi yenye alikuwa amevaa." Akamsogezea ukurasa. "Andika ile ya kweli."

Liévin alitoa kalamu aliyokuja nayo. Alilikata neno lile kwa mstari mmoja, kisha mkono ukasita, kwani katika lugha zote alizozijua hakuona neno la kutosha katika kisanduku kidogo kama kile. Upepo ulipita barazani. Mama Hadidja akaukandamiza ukurasa kwa viganja vyote viwili usipeperuke, akangoja.