Kusukuma Ndiko Kunyanyua

Mume wangu alipofunga kijiko cha kuchotea udongo mbele ya trekta yetu ndogo ya bustani, aliikosea mipira ya kupitishia mafuta, akaifunga kinyume. Ukiivuta liva ya kukiendeshea, kijiko kinashuka, ukiisukuma, kinapanda. Kwa wenzetu wote ni kinyume chake. Nilimwambia. Lakini mwambie mtu mwenye kichwa kigumu kuwa amekosea, uone. Alikaa palepale kwenye kiti, mikono imejaa grisi, akaniuliza, "Mke wangu, mtu aliyelala ukitaka ainuke, unamvuta au unamsukuma?" Nikasema namsukuma. "Basi yamekwisha. Kusukuma ndiko kunyanyua." Tukauza miche miaka na miaka kwa mtindo huo, na mkono wangu ukazoea.

Mwezi uliopita alifariki usingizini. Asubuhi nilimsukuma bega, nikamsukuma tena, hakuinuka.

Tangu siku hiyo nina ganzi. Sisemi huzuni, nasema ganzi, kama ya mguu ulioukalia. Watu walikuja wakalia, mimi nikawatafutia viti. Wifi yangu alinong'ona jikoni, kunong'ona kwake kwa kusikika mpaka barabarani, kwamba mjane gani huyu mkavu wa macho. Nilimsikia vizuri. Nikaendelea kuosha vikombe.

Halafu kijiko nacho kikagoma. Kinapanda mpaka usawa wa magoti, kinatetemeka, kinajishukia chenyewe, na pampu inalia kama inasagwa. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaja na shati lake lililopigwa pasi. Akaongeza mafuta ambayo hayakupungua, akapiga tairi teke, akasema pampu imekufa na mtu wa chuma chakavu yuko tayari kuichukua trekta nzima.

"Na udongo nitaupakiaje?" nikamuuliza. Mgongo wangu haukubali koleo, anajua. Bila kijiko hakuna miche, na bila miche sijui ningekuwa naamka kufanya nini.

"Shemeji, mashine si picha ya kuning'iniza ukutani. Haya, mwite fundi. Ikipona, na ukaiendesha wewe mwenyewe nikaona, ibaki. Ikishindikana tusisumbuane."

Nilijua hapo ndipo pa kuogopa. Nikaitafuta hofu ndani yangu, sikuiona. Nikasema sawa.

Fundi tuliyemwita tunamwita Bwana Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Alizima injini, akakilaza kijiko chini kabisa, akaichezesha liva ili mafuta yaliyobanwa yapumue. Ndipo akafungua tangi. Mafuta yalikuwa meupe meupe, yana povu.

"Anakula hewa huyu," akasema. "Pampu nzima kabisa. Nani kasema imekufa?"

"Shemeji yangu."

"Yeye fundi?"

"Hapana. Ana maoni tu."

Akacheka peke yake. Akapapasa mpira mnene unaotoka tangini kwenda kwenye pampu, akaukuta umepasuka chini ya kibano, pasipoonekana. Mafuta hayakuwa yakivuja nje, ila pampu ikivuta, inavuta na hewa, na hewa hainyanyui kitu. Akauweka mpira mpya, akamwaga mafuta yale, akatia mengine. Mipira ya kwenye mikono ya kijiko nayo ilikuwa imechakaa, akaniambia ataibadilisha yote kwa mkupuo mmoja. Nikamwambia abadilishe. Nikaenda ndani kuchemsha chai na wifi, ambaye alikuwa hajaondoka tangu msiba, na huko jikoni nikamsikia akiwasha, kijiko kikipanda na kushuka, bila kulia wala kutetemeka.

Niliporudi shemeji alikuwa ameshafika, amesimama mbali kidogo asichafuke.

"Panda," akaniambia.

Nikapanda. Nikawasha. Mkono ukaenda wenyewe kwenye liva, nikasukuma.

Kijiko hakikuinuka. Kilikandamiza ardhi, na magurudumu ya mbele yakaning'inia hewani pamoja na mimi. Nikasukuma tena, kwa nguvu. Kikazidi kukandamiza.

"Tumeshaona," shemeji akasema, akatoa simu.

"Vuta, mama," fundi akaniambia. "Mipira ilikuwa imefungwa kombo, nimekunyooshea. Sasa iko kama inavyotakiwa."

Kuvuta tu. Mtoto angeweza. Shemeji ananitazama, simu iko mkononi, na mimi nimeishika liva, mkono haurudi nyuma. Nilichokiona ni lile bega tu. Lilikuwa bado na uvuguvugu. Nilisukuma na hakuinuka, nikasukuma tena na hakuinuka, na sasa hata hiki nacho. Nikazima injini.

"Fundi, rudisha kombo."

"Mama, hivi ndivyo sahihi."

"Najua. Rudisha."

Shemeji akaanza, "Sasa shemeji, mashine imetengenezwa unataka iharibiwe, huu si—"

"Wewe ulisema niiendeshe mwenyewe. Nyamaza basi niiendeshe."

Akarudi nyuma hatua moja. Nadhani ni sauti yangu, hata mimi ilinishtua. Bwana Taratibu alinitazama, akatazama kile kiti. Akachukua spana, akairudisha mipira kama ilivyokuwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifanya haraka.

Nikawasha. Nikaweka mkono kwenye liva, na sasa niliogopa, niliogopa sana. Nikasukuma.

Kikapanda, taratibu, kikanipita kichwa. Nikaiachia liva. Kikabaki juu.

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti juu ya trekta inayonguruma, kamasi na yote, mpaka wifi akatoka jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Shemeji aliirudisha simu mfukoni, akasogea karibu, akaegemea tairi lenye grisi na shati lake lile.

"Lakini iko kinyume," akasema kwa upole.

"Ndiyo," nikamwambia. "Aliikosea."