Kupoa na Kupona

Serikali ya kijeshi ilipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, Komakech, karani wa idara ya barabara mjini Kampala, alijiona amepanda cheo. Wenzake ofisini walimwita Mwalimu, naye hakukataa. Basi mama yake, Alal, alipopelekwa Nairobi kupigwa mionzi, kwa kuwa mashine hiyo haikuwapo Kampala, mkalimani alikuwa nani ila yeye?

Saratani iliyoanzia titini ilikuwa imekwisha kuingia katika mfupa wa nyonga. Daktari alisema polepole kwa Kiswahili, "Baada ya siku kumi hivi, mfupa huu utapoa." Komakech akamgeukia mama yake, akamfasiria kwa Kiacholi kwamba mfupa utapona. Daktari alipouliza kama wameelewa, Komakech aliona haya kumwomba arudie. Akaitikia kwa kichwa.

Wiki ya tatu baada ya kurejea nyumbani Bukoto, mjini Kampala, Alal alikuwa akijigeuza kitandani bila kulia. Akampelekea kaka yake Olanya, aliyekuwa kwao Kitgum, ujumbe kwamba amepona, asihangaike na vizuizi vya askari njiani kuja kumwona. Yeye mwenyewe angekwenda wakati wa kuvuna ufuta. Hawakuwa wameonana kwa miaka minne, tangu walipogombana katika matanga ya baba yao.

Ijumaa jirani yao Adero, muuguzi kutoka Kisumu, akaja kumjulia hali mgonjwa. Alipotoka chumbani alikuwa amekunja uso.

"Mama anasema amepona. Nani kamwambia?"

"Daktari. Alisema mfupa utapona."

"Alitamka hivyo hasa? Hebu nipe neno lake lenyewe."

Komakech akalitafuta neno lile. "Alisema... utapoa."

"Ee, Mwalimu! Chai hupoa. Chai hupona?" Lakini Adero hakucheka. "Maumivu ndiyo yaliyolala, jirani. Ugonjwa uko palepale. Miezi hii michache ndiyo aliyo nayo, nawe umemwacha amzuie ndugu yake?"

Kabla Komakech hajaingia kwa mama yake alikuwa amekwisha kutunga uongo.

"Mbona umeinamisha uso kama mwizi wa kuku?" Alal akamuuliza.

"Mama, yule daktari Mkenya, Kiswahili chake..." Akainua uso. "Hapana. Chake kilikuwa safi. Kibovu ni changu. Hakusema utapona. Alisema maumivu yatatulia, basi."

Alal akaweka mkono kwenye nyonga yake.

"Na siku ile ulielewa?"

"Sikuwa na hakika. Niliona haya kuuliza."

"Ukaona haya mbele ya mgeni; mbele yangu hukuona."

Alal akamwashiria kiti kilichokuwa kando ya kitanda.

"Mwandikie mjomba wako aje upesi. Umweleze na sababu, asije akadhani ni mimi niliyemkataa."

Akaketi, akaandika, mama yake akimtazama. Alipofika penye sababu aliandika, "Kosa lilitokea."

"Nisomee," akasema Alal.

Akasoma.

"Lilitokea wapi? Lilianguka kutoka mbinguni?"

Komakech akayafuta maneno yale mawili, akaandika, "Nilikosea mimi."