Marahaba ya Ng'washi

Meneja wetu, Masele, alizaliwa mimi nimeshaolewa. Lakini kila asubuhi alisimama kwenye geti la kiwanda, mikono nyuma, akingoja sisi wanawake tumwamkie shikamoo.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mwenye mtaji. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni mwa ziwa kama uyoga, na nje ya geti letu akina mama walipanga foleni wakiomba hata kibarua cha siku moja. Masele alikuwa akituonyesha wale kwa kidole.

"Mnawaona? Usiponiamkia, mmoja anavaa gambuti zako sasa hivi."

Tukamwamkia. Suzana, aliyekata samaki meza moja na mimi, alikuwa na maneno yake: "Shikamoo babu, meno umeota lini?" Ila aliyasema tukiwa tumeshafika mezani, yule bwana yuko mbali.

Aliyekataa ni dada Ng'washi peke yake. Alinizidi miaka kumi na kitu, mtu wa Misungwi, na kazi ile nilimtafutia mimi. Akifika getini alisema, "Mwangaluka, mwanangu," salamu yetu ya asubuhi Wasukuma, halafu huyoo anapita.

Masele akamhamishia chumba cha barafu, akapange katoni humo, bila koti. Siku ya tatu akaanza kukohoa. Nikamwendea.

"Dada, mwamkie tu yaishe. Neno halivunji mfupa."

Aliniangalia sana. "Wewe ndiye unaniambia hivyo?"

"Ndiyo mimi. Tuvumilie, dada."

"Haya, mdogo wangu. Kwa kuwa umesema wewe."

Mchana Masele alipopita, Ng'washi akapiga goti pale pale kwenye mlango wa chumba cha barafu. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Shikamoo."

"Sijasikia. Rudia."

"Shikamoo."

"Sijasikia!"

Akarudia mpaka mara ya tano, ikawa midomo tu inacheza. Masele akatazama saa yake, akaondoka bila kuitikia. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale, kisu mkononi. Niliinamisha kichwa, nikaendelea kuchuna samaki.

Wiki ile ile tukamzika Misungwi. Kichomi, walisema.

Haukupita mwezi. Masele alikuwa anakatiza kati ya meza, alipofika kwenye mlango wa barafu akasema, "Marahaba." Tukatazamana. Pale mlangoni hapakuwa na mtu. Kesho yake tena, "Marahaba." Siku zilivyokwenda akawa anapaza sauti kama anayesema na kiziwi: "Marahaba! Si nimeshaitikia?" Akakonda, shati likawa linamning'inia. Hata Suzana aliacha mzaha.

Ndipo akaniita ofisini.

"Mama Odeta, yule alikuwa ndugu yako. Mwambie aniache. Namwitikia kila siku, hanisikii."

"Mimi si mganga, meneja."

"Utamwambia, au utatoka hapa umeshika gambuti zako mkononi."

Mtu anatetemeka, na bado anatisha wenzake!

"Njia ya Misungwi naijua," nikamwambia. "Goti utapiga mwenyewe."

Jumapili tukaenda. Kaburi liko kando ya shamba la pamba, na wajukuu wa marehemu walisogea kutazama. Masele akapiga goti kwenye udongo na suruali yake ya kazini.

"Shikamoo, mama," akanong'ona.

"Hajasikia," nikasema. "Rudia."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilimfanya arudie mpaka mara ya tano, nikihesabu. Na sitaficha, nilifurahi.

Jumatatu getini hatukumkuta. Baadaye akapita kwenye mlango wa barafu kimya, kama mtu yeyote. Suzana akanipiga bega, "Umemweza!" Nikajitwisha katoni, nikaingia nayo kwenye baridi. Mlango ulipojifunga nyuma yangu, nikasikia karibu na sikio sauti iliyokauka.

"Shikamoo, mdogo wangu."

Shikamoo, kwangu mimi! Mkubwa ananiamkia mdogo, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kuinama. Nikaitua katoni. Nikisema marahaba, nimekuwa Masele. Nisiposema, atarudia.

Alirudia. Niliacha kazi mwezi ule ule, bila kufukuzwa na mtu.

Sasa nakaa Butimba kwa mwanangu Odeta. Ana friji jikoni. Nikiifungua, ile baridi inanipiga usoni, na najua yuko karibu kusema. Wajukuu wananicheka, eti bibi anaongea na friji. Waache wacheke. Mimi huwa namwahi, napiga goti ingawa linauma siku hizi.

"Shikamoo, dada Ng'washi."

Halafu nauacha mlango wazi, nasubiri aitikie.